Jamvi la Pili

Mwaka ule tulikula shelisheli. Asubuhi la kuchemsha, mchana la kuchoma, jioni la nazi, tukijidanganya kuwa ni kitu kingine. Mchele wa dukani ulikuwa wa kutazama tu. Na mishelisheli nayo, kama iliyosikia habari, ikazaa mpaka matawi yakaegemea mapaa ya nyumba. Watoto wakiulizwa wamekula nini, wanajibu, "Kile kile." Ukitaka kujua ni mwaka gani ninaousema, muulize mtu yeyote wa huku kwetu Ole, Pemba, habari za mwaka wa kile kile. Atakwambia, na atashika tumbo.

Karafuu nazo zilikuja kama zimetumwa. Wanaume wote, na vijana wote, na kila mwanamke mwenye magoti mazima, alikuwa juu ya mkarafuu toka alfajiri. Sisi wenye magoti mabovu tulibaki chini, kuchambua na kuanika. Kuchambua ni kuitenga karafuu na kikonyo chake. Kuanika ni kuiwahi kabla haijavunda, maana karafuu mbichi haingoji mtu. Ukiiacha guniani bila jua inapata joto, inafukuta, inatoka nyeupe na nyepesi kama maganda, na hapo kazi ya msimu mzima umeitupa.

Uwanja wangu una kivuli cha mifenesi. Lakini mbele ya nyumba inapita barabara nyembamba ya lami, inaanza barabara kuu, inanipitia mimi, inaishia skuli. Lami inashika joto hata jua likijificha. Kinachokauka uwanjani kwa siku tano, pale kwa siku tatu kinagongana kama kokoto. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutandika jamvi barabarani, na nasema kwa kujisifu kwa sababu ni kweli. Wenzangu waliniona, wakaniiga. Siku za msimu, kutoka njiapanda mpaka mlangoni kwangu huoni lami, unaona majamvi, na ya kwanza kabisa pale njiapanda yalikuwa yangu. Mwenye baiskeli anashuka, anaikokota kwenye majani. Gari halipiti. Huku kwetu mtoto anafundishwa asikanyage karafuu kabla hajafundishwa kuvaa viatu. Mtu mzima akiikanyaga kwa bahati mbaya anainama, anaiokota, anaipangusa kwa nguo yake, anairudisha jamvini. Hata akiwa na haraka ya kwenda maziko.

Mjukuu wangu nimemlea mimi. Mama yake, mwanangu, aliolewa tena Unguja akaniachia mtoto ana meno mawili. Leo anazima moto. Ndiyo, mwanamke, buti miguuni, kofia ngumu kichwani na ushungi chini ya kofia. Alipoingia kazi ile watu walisema. Nikawaambia wakiungua wasimwite.

Ijumaa moja alikuja kutoka Madungu, alikopanga chumba, akanitia simu usoni.

"Bibi, tumepata gari."

Nikatazama. Jekundu, refu, lina taa za buluu juu ya paa, na ubavuni maandishi ya dhahabu ambayo hata yeye aliyesoma hakuyajua.

"Jipya?"

"Jipya kwetu."

"Nimekuuliza, jipya?"

Akacheka. Akanieleza kuwa lilikuwa la mji mmoja wa Ulaya, mji wa baridi. Lilizima moto wa watu kule tangu yeye hajazaliwa. Wenyewe wamenunua jingine, hili wakalitoa. Likaletwa Unguja, likafanya kazi, halafu likapakiwa melini likateremshwa bandarini Mkoani, na wenzake wakaenda kulipokea kama wanaompokea haji. Usukani wake uko kushoto, kwa hiyo dereva akitaka kulipita gari jingine haoni mbele. Lazima mtu akae kulia amwambie pita, au ngoja.

"Mtu mwenyewe ni mimi," akasema, kifua mbele.

Nikamrudishia simu yake. "Gari waliloliacha wenyewe kwa uzee, nyinyi mnaingia nalo motoni?"

"Bibi, wewe uliacha kuzaa lini?"

"Hayo yanahusu nini?"

"Mbona ulinilea?"

Mume wangu, pale kitandani kwake barazani, alicheka mpaka akakohoa. Mzee wangu amepooza. Mkono na mguu wa kushoto ni kama si vyake, lakini ulimi haukupooza hata siku moja. Huyu mjukuu yeye anamwita mke wangu mdogo, kama wanavyofanya mababu, na mimi namwita mke mwenzangu, na kwa utani huo tumeishi.

"Mkubwa leo umepigwa," akaniambia.

Kabla hajaondoka, mjukuu alitoka barabarani akaipima kwa hatua, toka majani ya huku mpaka majani ya kule. Akarudi hacheki tena.

"Bibi, gari hili ni pana. Siku tukiitwa huku, kwa majamvi haya hatupiti. Acheni hata upande mmoja wazi."

"Kwanza uje huo moto," nikamwambia, "ndipo nianue."

Nimeyasema mwenyewe, kwa kinywa hiki. Angeyasema mtu mwingine ningekuwa na wa kumlaumu. Mjukuu akainama nimwekee mkono kichwani, nikamwekea, nikamwambia nimekuradhia, akaenda zake. Toka siku ile nikisikia honi kubwa barabara kuu natoka mlangoni kuangalia. Mawazoni nilimwona amenaswa ndani ya chuma kile cha wazungu, breki zimegoma, maji hayatoki. Nilimwogopea yeye. Nafsi yangu sikuiogopa hata kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya adhuhuri, jua la kupasua utosi. Mzee nilimhamishia chumba cha nyuma maana barazani jua lilishamfikia. Jikoni, kile kibanda cha makuti kilichogusana na mlango wa uani, nililaza shelisheli zima kwenye moto ili limwivie. Na ukumbini, kuanzia mlango wa mbele, nilikuwa nimepanga magunia. Yale ya karafuu kavu niliyaweka mbele, anayepita ayaone. Ya makonyo, vile vikonyo tulivyochambua, nyuma yake. Yalijaa mpaka mtu unapita kiubavu. Mzee aliwahi kuniuliza, "Mke wangu, hapa ni nyumba au ghala?" Nikamjibu ni nyumba ya mtu mwenye karafuu.

Wingu likachomoza upande wa Wete. Likitokea wingu, mwenye karafuu haulizi kitu. Nikaliacha shelisheli motoni nikakimbilia njiapanda kwenye majamvi yangu. Wanawake wote walikuwa wameshatoka, kila mmoja na ufagio, macho juu. Wingu likasimama, likaanza kwenda zake. Upepo tu ndio uliobaki.

Jirani yangu wa nyumba ya pili, mwanamke mnene asiyeishiwa na maneno, akavuta pua. "Mwenzangu, shelisheli lako linaungua huko."

"Liache liungue. Nimelichoka."

Tukacheka. Wallahi tulicheka, sote, tumeshika mifagio. Halafu mmoja akaacha kucheka, akanyoosha kidole.

Moshi haukuwa wa jikoni tena. Ulikuwa wa nyumba.

Sijui magoti yangu yalinifikishaje. Jiko lote lilishawaka na mlango wa uani unawaka nalo. Nikazunguka mbele. Moto ulishaingia kwa nyuma, ukakutana na makonyo. Makonyo yana mafuta, ndiyo maana watu wanayachemsha kutoa mafuta ya karafuu, na moto wake hauchezi, unanguruma. Nikaingia kiubavu hatua mbili. Moshi ule ulikuwa mtamu. Mpaka leo huo ndio unaonitisha kuliko vyote, kwamba ulinukia vizuri. Ukanitoa nje kama mkono wa mtu.

"Mzee!"

"Nipo! Kuna nini huko?"

"Moto!"

"Basi nitoeni!"

Tukakimbilia dirisha lake. Nondo. Nilizitia mwenyewe, kwa wezi wa karafuu. Nilimwona amejitupa chini kutoka kitandani, anajikokota kwa mkono mmoja, shuka limemzonga, anauelekea mlango wa chumba na mlango wenyewe unapumua moshi. Nikamwambia asifungue. Jirani akapiga simu, anapiga kelele kama anayezungumza na mtu wa ng'ambo ya maji. Wengine tulichota ndoo tukarusha, maji yanafika ukutani yanageuka mvuke. Wanaume wote walikuwa mashambani, juu ya miti, hakuna hata mmoja wa kung'oa nondo. Mzee akaanza kukohoa, kikohozi kile kirefu kisichorudisha pumzi. Nikaanza kusoma Alhamdu, nikafika katikati, nikapotea. Sura ninayoisoma kila siku toka nina miaka saba. Nikaanza tena, nikapotea pale pale.

Ndipo tukakisikia king'ora. Hakikuwa kile tulichokizoea. Kilikuwa na sauti mbili, juu na chini, juu na chini, kama ndege asiye wa huku. Kikakaribia, kikafika njiapanda, na hapo kikakaa. Hakisogei.

Nikakimbia kwenda kuona. Gari jekundu limesimama kwenye ncha ya jamvi langu la kwanza, limesimama sawasawa, kama limepigiwa mstari. Nyuma ya kioo dereva, mtu mzima, mtoto wa Pemba, kwao mikarafuu mitupu, mikono juu ya usukani, anatazama barabara yote iliyojaa karafuu toka miguuni pake mpaka kwenye moshi. Hakuwa mjinga. Alifanya alichofundishwa na mama yake.

Na wanawake wakafanya walichofundishwa na mama zao. Wakainama wakaanua. Wanakusanya pembe nne za jamvi, wanazileta pamoja polepole karafuu zisimwagike, wanaburura pembeni, wanarudi na ufagio kufagia zilizobaki.

Sasa nasema lile ambalo kwa muda mrefu sikulisema. Na mimi niliinama. Mume wangu anakufa kwa moshi, nilitoka dirishani kwake dakika ile ile, na mikono hii ikashika pembe za jamvi ikazileta pamoja, vizuri, kwa uangalifu. Nikalivuta majanini. Nikarudi. Nikashika jamvi la pili.

Mlango wa kulia wa gari ukafunguka, mjukuu wangu akaruka. Buti zake zilitua katikati ya karafuu, nikasikia zinavunjika, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ilikuwa kumwambia aangalie anapokanyaga.

"Bibi! Babu yuko wapi?"

Nikamwonesha. Mkono niliomwonesha nao ulikuwa bado umeshika pembe ya jamvi. Akautazama mkono. Akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, wala sitaki tena.

Akamgeukia dereva. "Pita juu!"

"Karafuu za watu hizi!"

"Za bibi yangu! Pita!"

Dereva hakupita. Alinitazama mimi. Alitaka kauli ya mwenyewe. Na mimi mdomo umefunguka, sauti hakuna. Nyuma yangu mwanamke mmoja analia, "Jamani zangu zimo, zangu zimo!" Nilimsikia Mzee anakohoa kwa mbali, au nilidhani namsikia. Halafu nikadhani simsikii tena, na hapo ndipo sauti ikatoka.

"Pita, baba. Pita juu yake."

Akasema Bismillahi, akapita. Magurudumu makubwa yalizisaga, mlio wake kama mtu anayetafuna mchele mbichi, mfululizo, hauishi. Harufu ikapanda, mbichi na kavu pamoja, machozi yakatutoka sote.

Likafika mlangoni. Mpira wa maji ukavutwa, wakawasha pampu, gari likakohoa, likazima. Nikajua ndiyo basi. Lile gari la watu waliolichoka, nililolidharau kwenye simu, linakuja kufia mlangoni kwangu na mume wangu yumo ndani. Dereva akalipiga ubavuni kwa kiganja kama mtu anayemwamsha punda. "Twende, mama, twende, mzee mwenzangu." Akawasha tena. Likatikisika lote mpaka milango yake ikagongana, na maji yakatoka. Maji yalitoka na nguvu ya kumwangusha mtu. Waliyapiga magunia yangu ya mbele, yale ya kuonesha watu, yakapasuka, karafuu zikamwagika mpaka nje kama uji.

Mjukuu akavaa kile chombo cha pumzi usoni, akaingia juu ya karafuu zile. Alipotea. Nikakaa chini katikati ya barabara. Ndani mle walikuwemo wawili sasa, yule aliyenioa na yule niliyemlea, na mimi nje mzima, na mikono yangu mitupu. Hofu ya siku ile ilikuwa na uzito, nilikuwa nimeibeba tumboni kama mimba. Nikaisoma Alhamdu mara nyingine. Nikapotea.

Akatoka kinyumenyume. Anaburura godoro, na juu ya godoro Mzee, mweusi kwa masizi, mguu mmoja umeungua, mdomo wazi. Nikamwangukia. Nilimwekea sikio kifuani. Nilisikia kama mtu anapekua majani makavu. Alikuwa hai.

Jambo la kwanza alilolisema lilikuja siku ya tatu, kitandani hospitali, mbele ya jirani na wenzake waliokuja kumtazama. Walimuuliza ilikuwaje. Habari za njiapanda alishasimuliwa. Akasema kwa sauti ile ya kukwaruza, "Mke wangu mdogo ndiye aliyenitoa. Mkubwa alikuwa anaanua."

Walicheka mpaka muuguzi akaja. Yeye naye alicheka. Ni utani, sote tunajua ni utani, na mtu aliyetoka motoni ana haki ya utani wake. Mjukuu peke yake hakucheka. Alinishika mkono chini ya shuka la mgonjwa, akaubana. Utani ule ukatoka hospitali ukafika Ole kabla yangu. Nikipita, wanaambizana, "Mkubwa huyo, kaanua?" Najibu kwa kichwa juu. Lakini usiniulize ya ndani.

Nyumba tuliiezua, tukaiezeka tena. Nondo niliziondoa. Jiko nimelijenga kwa matofali, mbali na mlango. Na mikono hii naiogopa. Nikiwa nakunja kanga, nikileta pembe pamoja, kuna mara nasimama katikati, kanga mkononi, nasikiliza kama kuna mtu anakohoa.

Mwaka huu tunakula wali. Na karafuu zimekuja tena. Wanawake wameshatandika barabarani kama hakukuwa na kitu, toka karibu na njiapanda mpaka kwangu. Pale pa mwanzo wameniachia, pamekaa patupu, kama safu ya mbele msikitini inayomngoja mtu wake. Mimi nabeba zangu kichwani, beseni kwa beseni, mpaka uwanda wa nyuma ya skuli, kwenye nyasi, ambako jua ni la kuomba. Zingine zimenivundia. Nimeziona zikitoka nyeupe, nikazimwaga chini ya mgomba.

Juzi walinijia uwanjani, jirani yule mnene mbele.

"Bi mkubwa, nafasi yako ipo. Unajitesa na beseni."

"Barabarani sianiki, hata zivunde."

"Na lile gari lenyewe linaumwa! Limeinuliwa huko kituoni, linangoja kipuri kutoka kwa wenyewe Ulaya. Haliji leo wala kesho. Unalipishia njia nani?"

Wakaangua kicheko. Niliwaacha wacheke. Mjukuu aliniambia hilo hilo Ijumaa, akaniambia pia kuwa litaamka, kwamba dereva analala nalo kama mkunga. Aliniambia hata yeye haoni vibaya nikianika upande mmoja, nikiacha upande mmoja wazi. Alisema, "Bibi, inatosha sasa."

Mzee alikuwa barazani, pale pale pake, mguu wenye kovu umeegemezwa mto. Alikuwa akisikiliza yote. Wenzangu waliponyamaza akaniita, si kwa utani. Aliniita kwa sauti aliyokuwa akiniitia tulipokuwa vijana, sauti niliyodhani imepooza pamoja na mkono wake.

"Mke wangu. Njoo. Katandike jamvi lako pale mbele. Nshakusamehe."

Nikalitia beseni kichwani.

"Barabarani sianiki, hata zivunde."